Mayai ya Kigwena na Chuma cha Kulehemu

Nawadharau mafundi wanaong'oa chipu. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kueleza jambo mara tatu bila kuchoka, lakini hao wananishinda.

Jirani wa dada yangu kule Kigwena, mama aliyerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, ana mashine ya kutotolea vifaranga. Programu inayowasha na kuzima taa zake za joto niliiandika mimi, ndani ya chipu iliyolehemiwa kwenye kadi yake ya umeme. Mayai yalikuwa yamefika siku ya kumi na nane, zimebaki tatu, swichi ya taa ikaungua. Akamwita fundi mmoja wa Rumonge anayejiita enjeniere. Huyo akafunga swichi mpya ya aina inayofanya kinyume: programu ikisema washa, yenyewe inazima. Mayai yakaanza kupoa, na mimi nikaitwa.

Nilipofika, mama alikuwa ameyafunika kwa vitenge na kuyazungushia mabidoni ya maji ya moto. Enjeniere ameshika chuma cha kulehemu, kinafuka moshi.

"Chipu itolewe," aliniambia. "Naipeleka dukani, naiandika programu upya kwa boksi yangu, naileta kesho."

"Kesho!" mama alisema. "Muzee, kesho hata kuyachemsha haiwezekani. Nani atakula yai lenye manyoya?"

Nilishaona kadi alizong'oa chipu: njia za shaba zimechunika kama ganda la muhogo. Anaziita kazi safi.

Nilimweleza, kwa upole asiostahili, kwamba chipu huandikwa ikiwa papo hapo kwenye kadi yake. Nyaya tano zinatosha: mbili za umeme, mbili za kupitisha programu, moja ya kuizindua upya. Ndiyo maana niliacha vipini vitano vya kuchomekea nyaya pembeni mwa kadi.

"Hivyo? Nilidhani ni urembo," alisema.

Akanipokonya nyaya za kompyuta yangu, akazichomeka mwenyewe. Kompyuta ikaandika kwamba haioni kitu. Alicheka hadi mabega yakatikisika.

"Unaona? Iko imekufa. Nilisema itolewe."

"Haijakufa," nikamjibu. "Mguu mmoja wa chipu una kazi mbili: unaendesha swichi, tena unapokea programu. Swichi yako bado imefungwa hapo, inavuta umeme wa mguu huo. Kompyuta inaongea, lakini sauti haifiki."

Nikachomoa waya mmoja tu wa swichi. Kompyuta ikaisoma chipu mara moja. Nikageuza mstari mmoja wa programu, pa kuwasha pakawa pa kuzima, nikauandika kwenye chipu, nikarudisha waya. Taa zikawaka. Maji ya bidoni yalikuwa bado ya moto.

"Murakoze, mwanangu," mama alinishukuru. Kisha akamgeukia enjeniere. "Na wewe zima hicho chuma, unaniunguzia meza."

Siku ya ishirini na mbili, mayai yakiwa yamechelewa kwa ajili ya baridi ile, mama alinipigia simu. Vifaranga nilivisikia kabla ya sauti yake. Si vyote, vingine vilifia ndani ya ganda. Nyuma yake nikatambua sauti ya enjeniere, akiwaambia majirani kwamba swichi iliyovitotoa ni ya kwake.

Mama hakuweka hata simu pembeni.

"Basi na hivi vilivyokufa ni vyako," alimwambia. "Leta ndoo uvichukue."