Baridi Ilipomfuata Mama Kosele

Asubuhi ile mama alikuwa na ugomvi na kitu kimoja tu duniani, nyufa za ukuta. Kipupwe kilikuwa kimeingia kwetu mpakani, upande wa Migori, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Tukachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, tukakandika kila tundu. Ukuta ulikuwa kazi yetu wanawake. Paa ndilo lililotushinda, maana fundi wa kuezeka alikuwa amesikia uvumi wa vita vya ng'ombe, naye hakuonekana tena.

Basi mume wangu Odhiambo, mwalimu aliyekuja na nyasi kutoka Kosele tunakoishi, akapanda mwenyewe.

Kwetu Waluo, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawalali nyumba moja. Kuhusu mkwe kupanda juu ya paa la mama mkwe, hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kujaribu. Mama alikubali kwa sababu ya kikohozi tu, tena kwa sharti: mwanamume akiwa juu, yeye atajifungia jikoni.

Saa nane mchana, zikiwa zimebaki nyasi za konzi moja tu, Odhiambo akaacha kazi ghafla.

"Atieno, kwa jirani kunaungua."

Nikakimbilia jikoni.

"Ameshuka?" mama akauliza.

"Mama, watu wanakuja na mishale!"

"Nimeuliza kama ameshuka."

Odhiambo akaruka chini, akageukia ukuta, akafumba macho. Ndipo mama akatoka.

Tukajitupa mtaroni nyuma ya mkonge, mimi katikati yao.

Nilisikia ng'ombe wetu wakiswagwa. Nilisikia mtu akicheka.

"Mwambie asiniangalie," mama akaninong'oneza.

"Mwambie simwangalii," Odhiambo akasema kwenye sikio la pili.

Niliogopa hadi mkojo ukanitoka, na bado nilitaka kucheka.

Walichoma nyumba. Nyasi kavu zilizopangwa vizuri huwaka vizuri pia, na Odhiambo alitazama kazi yake ikiisha. Mama hakuwalaumu wenye mishale hata mara moja. Alisema ile ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na aliyeileta ni mimi niliyemwachia mwanamume apande.

Tulifika Kosele kwa lori la mahindi, mama mbele na dereva, Odhiambo juu ya magunia. Tulikuwa na nyumba ya mabati yenye dari na blanketi za kutosha. Mama akaketi nje na kukataa kuvuka kizingiti cha mkwe wake.

"Mwambie mimi nitalala shuleni," Odhiambo alisema akiwa nyuma ya mgomba. "Nyumba aichukue yote."

"Mwambie nyumba ni yake hata akienda kulala Nairobi."

Likabaki jiko, kibanda cha fito ambamo upepo ulipita bila kupinda. Odhiambo akavua viatu, akakanyaga udongo na kuanza kukandika. Majirani walikuja kutazama. "Mwalimu, umeolewa lini?" mmoja akamuuliza, wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye akaendelea. Ndani akabandika karatasi za mitihani ya wanafunzi kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Mama, ambaye hakusoma, aliniuliza zile alama nyekundu ni za nini. Nikamwambia ni makosa.

"Ukuta mzima?" akasema. "Huyu bwana yako anafundisha nini?"

Julai ikaja na manyunyu. Upepo ukapita chini ya mlango, na mama akawa anakaa tu, kwa sababu akilala hapati pumzi. Nesi alikuja na dawa, akasema ahamie penye joto. Nilimsihi, nikamlilia. Siku moja nilimfokea kwamba anajiua kwa ajili ya heshima ya mtu ambaye haihitaji. Akajifunika blanketi. Nilimchukia siku ile, na ninalisema kwa sababu ni kweli.

Asubuhi moja akaniambia, "Mwambie ukuta wake ni mzuri."

Odhiambo alikuwa nje, hatua mbili kutoka ukuta wenyewe, na alisikia kila neno. Hata hivyo alisubiri nitoke nimwambie. Nilipomwambia akaitikia kwa kichwa, akaenda darasani.

Tulimzika mama wiki hiyo hiyo.

Mapigano yalipotulia tulirudi kule mpakani. Karani alikuwa amekaa sokoni na daftari, akiandika majina ya waliouawa vitani. Nikapanga foleni, nikataja jina la mama.

"Mshale au panga?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Baridi," nikasema.

Akanitazama kidogo, si kwa ubaya. Kisha, bila kuandika kitu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.