Keria Zilizofichwa Migombani

Pikipiki yenyewe ilirudi serikalini zamani, lakini keria zake mbili za pembeni ninazo. Zimening'inia ghalani kwenye misumari, zimeshika kutu, na kila mwaka mke wangu akifagia ghala huniuliza zinangoja nini. Humwambia zinangoja pikipiki. Anacheka, anazifuta vumbi, anazirudisha pale pale.

Nilikuwa mtia mbegu wa ng'ombe. Miaka ile mashamba ya walowezi huko Nyansiongo yalikuwa yamegawiwa wananchi, na kila aliyepata kipande alitaka ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi. Madume wa kienyeji walihasiwa wasiharibu uzazi, na kazi yao nikapewa mimi, pamoja na pikipiki, glavu ndefu za mpira na mtungi wa baridi kali uliotoa moshi mweupe kila ukifunguliwa. Mbegu zilikaa humo. Nilizunguka kutoka Nyansiongo hadi Keumbu, watu wakinisubiri kando ya barabara, ng'ombe wao wamefungwa kwenye vizuizi vya miti. Watoto waliniimbia. Wakubwa wakanipa jina: Fahali wa Serikali. Ukiwa kijana mwenye suruali ya khaki iliyopigwa pasi, jina kama hilo unalimeza tu.

Mtungi ulikaa kwenye keria ya kushoto, mbali na joto la ekzosi, na sanduku la vifaa kulia ili mizigo ilingane. Keria za kwanza zilifungwa kwa bolti nne kila upande. Kuzitoa kulitaka spana mbili, nusu saa na matusi kadhaa. Kwa kazi ya kila siku hilo halikuwa na neno. Tatizo lilikuwa ukweni.

Mke wangu ni wa huko juu ya Keumbu. Baba yake alifariki mapema, kwa hiyo ukweni kulimaanisha mama mkwe, na sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani ile heshima yenye haya ndani yake kati ya mtu na wazazi wa mke wake. Mama mkwe humpi mkono. Humtazami usoni kwa muda. Mbele yake hutaji kitanda, wala mimba, wala jambo lolote la mwili. Sasa niambie, mtu ambaye kazi yake ni kutia mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani anaingiaje kwenye boma hilo na vifaa vyake vimening'inia pembeni? Mara ya kwanza niliingia navyo. Mama mkwe aliuona mtungi, akageukia ukuta wa jikoni, na hakugeuka tena mpaka nilipoondoka. Njia nzima ya kurudi masikio yaliniwaka moto.

Wiki ile ile nilikwenda mjini Kisii kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa na karakana nyuma ya duka la nguo la kaka yake. Nilimwambia nataka keria za kutoka haraka, bila spana.

"Haraka namna gani?" akauliza.

"Kabla mtu hajamaliza kusalimia."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe nakimbia polisi?"

Nikamwambia ni kwa sababu ya wezi. Alijua nadanganya, lakini alikuwa mtu wa kupenda chuma kuliko maneno. Alikaa na ile pikipiki siku mbili. Alichomelea vipande vinne vya bomba kwenye fremu, viwili kila upande, vikabaki pale daima. Kila keria akaitengenezea kulabu mbili chini, zinazoingia kwenye bomba, na juu pini moja nene yenye springi. Unainamisha keria, unaingiza kulabu, unaisukuma juu, pini inalia tak! Kuitoa unavuta pini, unainyanyua, imekwisha. Pini akaifunga kwa mnyororo mfupi isipotee. Upande wa ekzosi aliongeza bati la kuzuia joto, maana nilikuwa nimemwonyesha kovu kwenye mguu wangu.

Siku ya kujaribu, pikipiki ilivuta kushoto kama punda mkaidi. Tukatia mawe kwenye sanduku la kulia, moja moja, mpaka ikatulia. Yule fundi akanifanyisha mazoezi. Vuta, nyanyua. Inamisha, ingiza, sukuma. Akanifumba macho kwa kitambaa cha dukani kwa kaka yake, nikarudia. Alifurahi kuliko mimi.

Tangu hapo nikawa na desturi yangu. Kabla ya kufika ukweni barabara inapinda, na kwenye kona ile kulikuwa na migomba iliyosongamana. Nilisimama hapo, mke wangu akashuka na kulinda barabara huku akijizuia kucheka, nami nikatoa keria zote mbili na kuzificha ndani. Sikujua migomba ile ni ya nani, wala sikuuliza, maana kuuliza kungeniumbua. Kisha tuliingia bomani na pikipiki nyepesi, safi, kama watu wanaotoka kanisani. Tukiondoka nilizikuta pale pale, zimefunikwa majani makavu ya mgomba na wakati mwingine gunia kuukuu. Nilidhani majani yameanguka kwa upepo, na gunia limesahauliwa na mkulima. Kijana akiwa na jambo la kuficha haoni mbali.

Sasa nije kwenye ng'ombe. Katika mahari nilipeleka mtamba mmoja wa gredi, mweupe mwenye mabaka meusi, niliyemchagua mwenyewe kule Nyansiongo. Nilijivuna naye kupita kiasi. Watu wa Keumbu walikuja kumwangalia. Lakini mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, mtamba akanenepa tu. Kuzaa hakuzaa. Angezaaje? Madume wote wa eneo lile walikuwa wamehasiwa na idara yetu wenyewe, na mtia mbegu wa njia ile alikuwa mmoja. Majirani walipeleka ng'ombe wao barabarani, nikawahudumia. Mama mkwe hangeweza kumleta wake. Angesimamaje kando ya barabara, ameshika kamba, mkwewe anavaa glavu?

Je, sikujua? Nilijua. Niliandika daftarini siku za ng'ombe wa watu wote, nikaacha kuhesabu za yule mmoja. Nikimuuliza mke wangu, alisema, "Bado mdogo." Nilijua umri wake kuliko yeyote, nami nikasema, ndiyo, bado mdogo. Najichukia kidogo hata leo nikikumbuka.

Kulikuwa na jambo jingine. Tulikuwa kwenye mwaka wa nne wa ndoa na hatukuwa na mtoto. Watu wa kwao walianza kumweka mke wangu na yule ng'ombe kwenye sentensi moja. Yule aliyeletwa na yule aliyepelekwa, walisema, ni hali moja. Hawakusema mbele yake. Walisema mahali ambapo angesikia.

Jioni moja alirudi kutoka kwao, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua leso kichwani.

"Wajomba zangu na baba wadogo wameamua," akasema. "Siku ya soko ng'ombe wangu anakwenda kwa mchinjaji."

Alisema ng'ombe wangu. Hakuwahi kusema hivyo kabla. Nikamwambia tutapeleka mwingine badala yake.

"Sitaki mwingine. Wakimchinja huyo kwa kuwa hazai, mimi watakuwa wamemaliza kunisema. Nitakuwa nimekwisha kuhukumiwa."

Hakulia. Afadhali angelia. Nilikaa karibu naye kwenye kizingiti, na elimu yangu yote ya uzazi wa ng'ombe.

Jumapili iliyotangulia soko, nilipomaliza mzunguko wa asubuhi, tulikwenda kwao. Niliapa njiani kwamba leo nitasema. Hata hivyo tulipofika kwenye kona, mikono yangu ilifanya ilichozoea. Vuta, nyanyua, ficha. Mke wangu alinitazama na safari hii hakuwa na kicheko cha kujizuia.

Ng'ombe tulimsikia kabla ya kufika langoni. Analia, ananyamaza, analia tena, ule mlio ambao mtu wa kazi yangu haukosei. Alikuwa anataka dume. Siku yenyewe, saa zenyewe. Mwenye ng'ombe angengoja siku ishirini na moja kuusikia tena, na soko lilikuwa keshokutwa.

Tuliketi. Uji ukaletwa. Mama mkwe alikaa karibu na mlango, uso upande, mikono mapajani. Ng'ombe akalia. Mke wangu akaisifu mvua. Ng'ombe akalia. Mimi nikakubaliana kuhusu mvua. Sijawahi kuona watu watatu wakiisifu mvua kwa bidii namna ile.

Aliyetuokoa ni bibi ya mke wangu, mama wa marehemu baba mkwe. Kwetu mtu wa kizazi cha bibi hana chinsoni nawe. Yeye ni wa utani, anaweza kusema lolote, na yule alisema lolote hata bila ruhusa hiyo. Aliweka kibuyu chake chini.

"Mume wangu," akaniita, kwa kuwa ndivyo alivyoniita, "mwanamke yule pale nje anakulilia tangu alfajiri. Wewe umekaa hapa unakunywa uji. Ni mwanamume gani wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatazama ndani ya kikombe. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Bibi, sikuja na vifaa."

Kisha mama mkwe akasimama. Hakumtazama mtu. Akatoka, na nilisikia hatua zake zikivuka ua. Nikajua nimeharibu kila kitu, nimelitaja lisilotajwa, na ukweni kwangu kumefungwa. Mke wangu aliweka kiganja chake kwenye goti langu, mbele ya bibi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Bibi akacheka kwa pua. "Nenda basi, kavilete."

Nikatoka mbio. Sikufika hata langoni. Mama mkwe alikuwa anapanda kutoka barabarani, mgongo wima. Kichwani alikuwa amebeba keria yangu ya kushoto na mtungi ndani yake, mkononi ile ya kulia na sanduku. Alipita karibu nami kana kwamba mimi ni kichaka. Akafika kwenye pikipiki, akatua mizigo. Akainamisha keria ya kushoto, akaingiza kulabu, akasukuma. Tak! Akazunguka upande wa ekzosi, akafanya vile vile. Tak! Hakukosea upande. Hakuhangaika na pini. Alifuta mikono kwenye leso, akaenda kumshika ng'ombe.

Tulimfanyia kazi nyuma ya ghala. Mama mkwe alishika kamba mbele, amenipa mgongo, amejifunika leso mpaka masikioni. Bibi alisimama katikati yetu na kutangaza kila hatua kama mtu anayesoma taarifa ya habari, mpaka mke wangu akamsihi anyamaze. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa ng'ombe wasiohesabika, na kwa huyo mmoja nilisahau mpaka kupumua.

Nilipokuwa nanawa, mama mkwe aliongea. Si nami. Alimwambia bibi, akitazama migomba:

"Mwambie huyo mtu, vitu vyake vilinyeshewa ile mara ya kwanza tu. Baada ya hapo sikuviacha vinyeshewe."

Bibi akageuka kuniambia, ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Aliniambia neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa migomba ile ya kwenye kona ilikuwa ya mama mkwe, ncha ya shamba lake. Kila nilipoinama pale na siri yangu, alikuwa ananiona, na kila tulipokaa kunywa uji, alitoka kidogo kana kwamba anaangalia kuku. Nilimwaga maji kwenye beseni nikajifanya ni sabuni iliyoniingia machoni.

Mke wangu aliwaambia baba zake wadogo kwamba ng'ombe ameshughulikiwa, wangoje. Bibi aliongeza maneno yake, na hakuna aliyetaka kuyasikia mara mbili. Wakangoja. Siku ya ishirini na moja ng'ombe hakulia. Baada ya miezi tisa alizaa ndama jike, mwenye mabaka kama mama yake, na chupa ya kwanza ya maziwa ililetwa kwetu Nyansiongo imezibwa kwa gunzi la hindi. Mke wangu aliinywa peke yake, amesimama. Mtoto wetu alichelewa kuliko ndama, lakini tangu siku ile hakuna aliyemtaja tena pamoja na ng'ombe.

Hatukuwahi kulizungumza, mama mkwe nami. Ningeweza kuingia bomani na keria zangu bila aibu, lakini sikuingia nazo. Nilisimama kwenye kona kama zamani, nikazitoa, nikaziweka migombani. Yeye alitoka kuangalia kuku. Nikiondoka nilikuta majani yamepangwa, na gunia, na juu ya gunia wakati mwingine ndizi mbivu chache. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka saba.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Siku ya maziko nilisimama kwenye kona kwa mazoea, nikavuta pini, nikanyanyua, nikaziweka ndani ya migomba yake. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Jioni mke wangu nami tuliteremka kuzichukua, tukasimama tukizitazama. Zilikuwa zimelowa.