Jogoo Aliyepelekwa Kuona Kalamu

Miaka ile miwa ilipotuvimbisha vichwa Kakamega nzima, mimi nilikuwa na sababu zangu za ziada. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya mitambo ya sukari, niliyoipata kwa kuosha sahani za watu. Kiwanda kikanipa nyumba na gari. Mimi, mtoto wa muuza ndizi! Nilichokosa ni mke, na huyo nilikwisha kumpata: mwalimu wa Navakholo. Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa na miwa kuanzia mlangoni mpaka mtoni, na hakutishika. "Diploma hailiwi," aliniambia mbele ya watu.

Kiwanda kiliponituma pwani kukagua mashine bandarini, nikamwalika twende wote. Binti yake alikuwa akifundisha mashairi ya mshairi mmoja mashuhuri ambaye nyumba yake, kando ya bahari, imefanywa makumbusho. "Mzee," nikasema tukiwa mezani kwake, "nitakupeleka ukaone kalamu ya mshairi."

Sasa, kwetu l na r ni ndugu wanaovaliana mashati. Mzee akaketi wima. "Karamu? Ya mtu mkubwa hivyo?"

Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza ili nimsahihishe. Sikumsahihisha. Kalamu isingemtoa Navakholo. Karamu ilimtoa, tena amenyoa ndevu.

Alikuja na jogoo. "Watu wa kwetu hawaendangi karamu mikono mitupu," alisema, akampakia kiti cha nyuma. Jogoo akatuwikia mpaka pwani.

Mlangoni pa makumbusho tulipokewa na bibi mmoja wa buibui, mjukuu wa marehemu mshairi.

"Starehe, baba. Na huyu jogoo naye ni msomaji?"

"Ni wenu," mzee akajibu.

Bibi akatuzungusha: kitanda cha kamba, miwani, dirisha linalotazama bahari. Mzee alitazama kila kitu kwa adabu huku pua yake ikitafuta jiko. Mwishowe tukasimama mbele ya sanduku la kioo.

"Na hii ndiyo kalamu yake," bibi akasema kwa sauti ya chini.

"Hii? Hii ndiyo karamu?"

"Ndiyo yenyewe, baba. Watu hutoka nchi za mbali kwa ajili yake."

"Na wanashiba?"

"Hawashibi. Hurudi tena."

"Hata mimi nisingeshiba, kama ni hii wanapewa." Akanigeukia. "Kijana. Wewe uliniambia karamu."

"Nilisema kalamu, mzee."

"Sema tena."

"Kalamu."

"Si ndiyo hiyo hiyo!" Akamkumbatia jogoo wake. "Sitamwoza binti yangu kwa mtu ambaye karamu yake inafungiwa ndani ya kioo."

Diploma yangu haikuwa na somo la hilo. Nikamvuta bibi kando, nikamweleza yote, hata habari za mguu kukanyagwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwendea mzee. "Baba, babu yangu hakuacha mgeni aondoke na njaa. Mlete huyo msomaji."

Tulikula uani, wali na kuku wa nazi. Mzee alilalamika kwamba hakuna obusuma, eti bila ugali mtu hajala, lakini sahani yake ilirudi inang'aa. Halafu akaanza kuchakura bakuli la kuku, nami nikajua anachotafuta. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, haipewi mtu hivi hivi. Akaipata, akaitazama, akanitazama.

"Ulijua nimesikia vibaya."

"Nilijua, mzee."

"Tangu pale mezani?"

"Tangu pale mezani."

Akaigeuza firigisi kwa vidole.

"Mtu wa kunitoa Navakholo mpaka baharini kwa herufi moja," akasema taratibu, "huyo hata karani wa mizani ya miwa, anayetupunja kilo kila msimu, hatamchezea." Akaitupa firigisi kwenye sahani yangu, akaomba maji ya kunawa.

Kadi za harusi niliziandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: mnakaribishwa kwenye kalamu ya harusi. Mchumba wangu alitaka kuzichana. Nikamwambia azigawe tu. Navakholo nzima ilikuja na njaa, na hakuna hata mmoja aliyebeba wino.