Hilaria na simu ya Katumba isiyopigika

Saa nane mchana, Mpanda. Nje jua linachoma bati. Ndani ya chumba cha simu mashine inagongagonga peke yake. Opereta Hilaria Telesfori, mwenye miaka thelathini na sita, anaacha kijiko ndani ya chai. Kati ya taa kumi za mezani kwake, moja kwa kila safu ya simu, imewaka ile ya tisa.

"Huyo ni Goreth," anasema, na kabla ya kupokea anajifuta viganja kwenye sketi. Bado anaogopa.

Msimcheke. Alipoanza kazi mwaka 1975, mwenzake Mwamvita alimwonya asithubutu kuigusa taa ile. Safu ya tisa haina mteja hata mmoja, alimwambia. Ukipokea, utasikia upepo na mtu anahema. Hilaria, Mpimbwe wa Usevya aliyesomeshwa na masista, alicheka. Kisha akaisikia pumzi kwa sikio lake mwenyewe, na kicheko kikamkauka.

Ukweli wenyewe, jamani, hauna jini. Mashine ina nafasi mia za kufungia simu, lakini namba zake ni za tarakimu mbili tu. Zinazoanza na sifuri humwita opereta. Zinazoanza na tisa mashine imejiwekea yenyewe, za kujipimia. Zinabaki themanini. Nafasi nyingine ishirini zipo, zina waya na skrubu zinazong'aa, ila hakuna namba ya kuzifikia.

Sasa zile themanini zilikwisha jaa siku fundi mgeni alipokuja kufunga simu ya zahanati ya wakimbizi, Katumba. Akaona safu ya tisa tupu, akafunga humo, akasikia mlio, akasaini, akaenda zake. Zahanati ikaweza kupiga. Kupigiwa, haiwezi mpaka leo. Goreth, mkunga aliyekimbia Burundi mwaka 1972, akawa anapiga. Waya ulikuwa mbovu, ukapitisha pumzi tu, na waoga wa Mpanda wakawa wanamkatia.

Machi mwaka huu, 1977, Hilaria hakukata. Aling'ang'ania mpaka sauti ikapenya: kuna mama, Marsela, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki, apelekewe gari. Hilaria aliarifu hospitali, akamwambia Goreth gari linakuja. Saa kumi dereva akarudi na habari kwamba daraja limebebwa na maji.

Hilaria akazungusha tisa, kisha tatu, nafasi ilipofungwa simu ya Katumba. Mashine ikamwitikia yenyewe, mlio mwembamba usiokoma. Akarudia mara ishirini.

"Nilijua yupo, amekaa pembeni ya simu," anasema. "Waya wake naushika hapa kwa vidole. Na nashindwa kumwambia gari haliji."

Kule Katumba wanaume walikuwa tayari na machela, wampitishe Marsela njia ya reli. Goreth aliwazuia, maana gari limeahidiwa. Magharibi Marsela akafariki na mtoto wake tumboni.

Kesho yake taa iliwaka. Goreth hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, mbona hukunipigia?"

Tangu hapo wameweka utaratibu wao. Kila saa nane Goreth anapiga, hata kama hana neno, apokee yaliyomngoja. Leo anapewa salamu za daktari na habari kwamba dawa zitafika Alhamisi. Wakimaliza, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata, kwa sababu simu ikishawekwa chini Katumba haisikii lolote mpaka kesho. Hilaria anasema ni kama kumfukia mtu angali hai.

Mbaruku, mwenye duka pale Majengo, amekubali kuiachia zahanati namba yake, 57. Barua ya ombi ilikwenda kwa wakubwa wa simu Tabora mwezi Mei. Jibu hakuna, na Hilaria amekwisha andika nyingine mbili.

"Siku wakikubali, atakayempigia Goreth wa kwanza ni mimi," anasema. "Cha kumwambia sijui. Nataka tu iite kule, aisikie."