Kitabu Alichokisifu Mwalimu Gédéon

Ukimuuliza mtu wa Kasongo akupe jina la riwaya nzuri ya kusoma, atakuelekeza kwa mwalimu Gédéon, na usifikiri kuna pa pili pa kwenda. Miaka thelathini na mmoja alifundisha Kifaransa. Alipostaafu alibaki na sanduku la bati lenye riwaya hamsini na kitu, zote za maajabu na za sayansi ya kesho, alizoachiwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao akafia huko. Padri huyo hakutaka kabisa kitabu ambacho ndani yake mtu anaamka, anakula, anakwenda kazini. "Hayo nayaona kila siku," alikuwa akisema.

Mwalimu hakukuachia uchague, thubutu! Alikukalisha kibarazani, akakuuliza unalalaje, umekosana na nani, kisha akaingia ndani na kutoka na kitabu kimoja tu. Ndani ya jalada alikuwa amebandika karatasi ya daftari, ameandika kwa Kiswahili kitabu kinamfaa nani. Fatuma wa duka la vitenge, aliyekuwa hasemezani na dada yake, alipewa kile cha mji wa mwezini ambako wanawake wawili wanagawana chupa moja ya hewa. Alikirudisha wakiwa wamekwishapatana. Mzee Souleymane, na majivuno yake yale, alipewa cha mfalme aliyekimbiwa na kivuli chake mwenyewe. Huyo alikirudisha amenuna, ila alikuwa amekisoma chote. Hata wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila waliwatuma watu wa pikipiki kuja kuuliza kuna nini kipya.

Shida ilikuwa mchwa. Msimu mmoja wa mvua walitoboa sanduku kwa chini wakala riwaya saba, wakianzia nyuma. Na msomaji wa huku, mpe kitabu kisicho na mwisho uone atakavyokutukana! Riwaya sita Mwalimu alikuwa amezisoma, akaandika miisho yake kwa mkono. Ya saba hakuwa ameimaliza. Ilikuwa ya mchimbaji aliyefukiwa mgodini, akaangukia nchi iliyo chini ya nchi, yenye jua la kijani, ambako siku moja ni mwaka mzima wa huku juu. Mkewe anamngoja. Ukurasa wa mwisho uliopona ulimwacha bwana yule ameona ngazi. Mwalimu aliona uchungu kukitupa, akaandika jaladani: "Ni ya mutu mwenye kungoja. Mwisho muchwa wamekula, lakini mimi niliusoma. Ni muzuri."

Uongo mdogo tu, mtasema. Hata mimi ningesema hivyo.

Miezi minane iliyopita shimo liliporomoka kule Salamabila na watu watatu ndani. Mmoja alikuwa Emile, mume wa Laura, jirani wa Mwalimu, nyumba ya tatu. Wenzao walichimba siku tisa, wakachoka, wakaacha. Hakuna maiti iliyotoka. Na Mwalimu, kwa huruma yake, bila kumkalisha Laura na kumuuliza maswali yake ya siku zote, akambebea kitabu cha mwenye kungoja. Jamani! Mjane wa mtu aliyefukiwa unampelekea habari za aliyefukiwa! Yeye alidhani kitampunguzia urefu wa siku, basi.

Laura hakulia. Alikisoma mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nguo nyeusi hakuvaa. Kila jioni alimpakulia Emile chakula chake na kukifunika, na watu wakaanza kupita mbali na ua wake, maana hawakujua wamwambie nini.

Jumatano hii akafika Pitchou, mdogo wake Emile, kutoka Kabambare, matope mpaka kwenye nyusi. Ukoo, alimwambia Laura, unakuja Jumamosi kuvunja matanga. Kama Laura hatakaa kwenye mkeka kama mjane, basi amemkataa marehemu wao, na watoto wawili watachukuliwa. Kijana alisema hayo huku machozi yanamtoka, kwa sababu anampenda shemeji yake. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu.

"Nimemuomba, amekatala," alisema. "Anasema iko na maneno yako ndani ya kitabu. Basi enda, Mwalimu. Umuambie weye."

Mwalimu alimkuta Laura uani anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Binti yake mkubwa, Grâce, alikuwa anamsuka mdogo wake mlangoni.

"Karibu, Mwalimu. Grâce, leta kiti."

"Sikai, mama Grâce."

Laura aliweka mchi chini. "Ni Pitchou amekutuma. Munataka nikae pa mukeka, nimulilie mutu ambaye hakuna mutu ameona amekufa."

"Mama Grâce, kile kitabu..."

"Mi si mutoto, Mwalimu. Minajua nchi ya chini haiko, jua ya kijani haiko. Siamini kitabu. Minaamini weye." Aliyasema bila hasira. "Weye ulisoma mwisho. Kila siku kilio kikinipanda, minafungua jalada, minasoma: ni muzuri. Minasema, Mwalimu alinifundisha tangu nikiwa mudogo, hawezi kuniletea vile bila sababu. Iko kitu anajua."

Njiani Mwalimu alikuwa amejipangia uongo wa pili: kwamba mwishoni ngazi inakatika, bwana anakufa, mke anavaa nyeusi na kulea watoto wake. Ulikuwa mwisho mzuri kabisa, angeweza hata kuuandika. Alifungua kinywa autoe, akashindwa.

"Sikuusoma," alisema.

"Nini?"

"Mwisho. Muchwa walinitangulia. Niliandika tu, ili watu wasikikatae."

Grâce aliacha kusuka.

"Basi haujui kama alirudi."

"Sijui, mwanangu."

"Na Emile?"

Miezi minane watu walikuwa wamemwambia ajali, wamemwambia shimo, wamemwambia mipango ya Mungu. Neno lenyewe kila mtu alimwachia mwenzake.

"Emile amekufa," alisema Mwalimu.

Sauti iliyomtoka Laura iliwatoa watu majumbani mwao. Alianguka kwenye majani ya sombe, akajipiga kifua, akaita jina la mumewe, na watoto wakamrukia wakilia naye. Wanawake walikuja mbio, wengine pekupeku. Rachelle wa nyumba ya pili alifika na unga wa fufu mikononi.

"Nani? Nani amekufa?"

"Emile!" alilia Laura. "Emile wangu amekufa!"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba hilo lilijulikana zamani.

"Habari imefika saa ngapi?" Rachelle aliuliza taratibu.

"Sasa hivi. Ni Mwalimu ameleta."

Kwetu aliyeleta habari ya kifo haondoki mpaka aisimulie mbele ya wafiwa: marehemu alikuwa wapi, alisema nini, roho ilimtokaje. Wanawake wakafungua vilemba, wakaketi chini kumzunguka Laura, wakamgeukia mwalimu Gédéon, wakamngoja aanze.