Mwaka Tulioongoza kwa Wizi

Shangazi yangu alikuwa na kazi ya kuhesabu wezi. Si wezi wenyewe, hao hawasimami wahesabiwe. Alikusanya taarifa za vituo vya polisi, mkuu wake akazibeba kwenda kwenye mkutano wa nchi jirani, ambako kila mmoja hutaka aonekane ana raia watulivu kuliko mwenzake.

Zamani tulifanya vizuri. Ukiibiwa simu, askari wa kaunta aliandika "imepotea", kana kwamba imetoka yenyewe kwenda kutembea. Shangazi alipopewa kitengo cha takwimu akapiga marufuku mchezo huo. Mwaka huohuo tukawapita majirani wote kwa wizi. Wezi walikuwa walewale.

Mkuu akamwita.

"Mama, umenivua nguo mbele ya wageni. Wenzetu wameshuka, sisi tumepanda kama bei ya sukari."

"Wenzetu wanaandika imepotea, afande."

"Basi na sisi tupoteze. Jumatatu niletee waraka wa kurudisha utaratibu wa zamani. Ukishindwa, stoo ya sare inahitaji mtu."

Stoo haina dirisha, na shangazi ana pumu. Akauandika waraka, akautia mkobani bila kusaini.

Jumamosi mimi na shangazi tulikuwa tunatoka sokoni, pikipiki ikapita, mkoba ukaondoka nayo. Tukaenda kituoni. Askari wa kaunta alimfahamu, akampa kiti.

"Pole, mama. Naandika mkoba umepotea."

"Umepotea vipi? Ulikuwa begani kwangu."

"Si nasikia mnarudisha ule utaratibu? Sikutaka nikuharibie."

Shangazi akatazama benchi la nyuma. Kulikuwa na mama mmoja, kanga yake imechanika, na kijana mwenye mdomo uliovimba.

"Na hawa?"

"Hao nao wamepoteza, mama."

"Huyu amepotezwa na ngumi," nikasema. Shangazi akanikata jicho.

"Andika umeibwa," akamwambia askari. "Ukimaliza, wahoji hawa upya."

Jumatatu mkuu akadai waraka wake.

"Umeibwa, afande. Taarifa iko kituoni."

"Andika mwingine."

"Huo siandiki."

Mkuu akauandika mwenyewe. Nasikia safari hii alipigiwa makofi mkutanoni. Shangazi yuko stoo, amevaa barakoa, anawagawia askari suruali na kuwakoromea wanaotaka za kubana. Mkoba hatujaupata. Ila kila akipita kituoni huomba aonyeshwe ule mstari wake wa "umeibwa" kitabuni, ahakikishe hakuna aliyeubadilisha.