Mshono Nilioupaka Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa chini ya trekta. Ilikuwa karakana ya shamba moja la mkonge karibu na Kibwezi, na Foreman, msimamizi wa karakana, hakuniuliza jina wala shule niliyosoma. Alinyoosha kidole tu akasema, "Lala pale, unishikie nati." Trekta ilikuwa imeinuliwa kwa jeki moja na vipande viwili vya mbao. Nililala, nikatazama ule uzito wote juu ya kifua changu, nikatetemeka mpaka spana ikawa inagonga chuma.

Foreman aliinama akanichungulia. "Wee, unaogopa?"

"Ndiyo, bwana."

"Vizuri. Toka, uongeze gogo lingine, halafu urudi."

Nawaandikia vijana wa kanisa letu na wale walio kwenye vyuo vya ufundi, ambao huniuliza tulifanyaje kazi bila mashine mlizo nazo. Tulifanya kwa mikono, kwa neema ya Mungu, na kwa hofu. Wengi husimulia mikono na neema. Mimi nitasema pia juu ya hofu, kwa sababu kuna Ijumaa moja hofu hiyo iliniacha, na nusura watu wawili wapoteze roho zao.

Kibwezi nilikaa miaka sita. Huko ndiko nilikojifunza kuchomelea, yaani kuunganisha chuma na chuma kwa moto wa stima. Fimbo nyembamba tunayoiita rodi inayeyuka pamoja na vyuma viwili, na inapopoa inaacha mshono. Mshono mzuri umelala kama magamba ya samaki. Lakini mshono unaweza kupendeza juu na ndani uwe haujashika, hasa kama chuma kina kutu au moto haukutosha.

Kutoka hapo nilihamia karakana ya serikali mjini Kitui. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mkimya, koti lake jeupe kila Jumatatu. Kila mshono wa chasisi, ule uti wa mgongo unaobeba gari lote, aliupima kwa mafuta ya taa na chaki. Unapaka mafuta ya taa juu ya mshono ukiwa bado haujapakwa rangi, unangoja yapenye, unafuta mpaka pakauke, kisha unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Siku moja nilimwambia nimeuangalia mshono wangu vizuri, hakuna haja ya kuupima.

"Macho yako yanakupenda, fundi," alinijibu. "Chaki haikupendi."

Nilipoondoka serikalini nilifungua gereji yangu Kikima, kwao mke wangu. Nilitengeneza mageti, madirisha, mikokoteni ya ng'ombe na trela za trekta. Kanisa likanichagua kuwa mzee. Nilimshukuru Mungu, nikadhani mambo ya chasisi nimeyaacha Kitui.

Ndipo akaja Mwikali. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari iliyo karibu na soko letu, lakini kwao ni Zombe, na huko marehemu baba yake, aliyekuwa afisa wa kilimo, alikuwa ameacha gari. Lilikuwa la zamani, dogo, la milango miwili, lililoshinda bandani miaka mingi kuku wakitagia kwenye viti. Mwikali aliweka daftari juu ya meza yangu ya kazi. Ndani kulikuwa na mchoro wa gari la mbio, la chini, la viti viwili, lisilo na paa.

"Mzee, nataka unitengenezee hili. Injini itoke kwa gari la baba."

"Si ununue moja?"

"La kununua si la baba."

"Mwikali, mimi hutengeneza mageti."

"Geti ni mabomba. Chasisi nayo ni mabomba."

"Geti haliteremki mlima na watu ndani," nilimwambia. Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Hata hivyo nilikubali. Gari la Zombe lililetwa kwa lori, tukalifungua nati kwa nati. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, nayo tukaitupa. Injini ilikuwa nzima, gia boksi nzima, na difu, ile mashine ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ilihitaji mafuta tu. Mikono ya magurudumu ya mbele, vyuma vinavyoyashikilia magurudumu, pia tuliitoa na kuisafisha. Chasisi mpya niliijenga kwa mabomba ya mraba juu ya sakafu niliyoisawazisha kwa maji, nikipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Pembe zikipishana, gari litakimbia likitazama kando. Injini niliisogeza nyuma ili uzito usilalie mbele. Mabati ya bodi niliyagonga polepole juu ya gunia la mchanga mpaka yakapata umbo la ule mchoro.

Mwenye bucha ng'ambo ya barabara alikuwa hapiti bila neno. "Mzee, siku hizi unatengeneza majeneza ya magurudumu?" Watu walicheka na mimi nilicheka. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba maneno yale yananikaa tumboni.

"Basi yaache yakae," alisema. "Yatakufanya ukaze bolti."

Na kweli, kwa mwaka mmoja na zaidi nilipima kila mshono kwa chaki. Mkaguzi wa magari alilikagua, akalipitisha, karatasi zikatoka. Mchungaji akatangaza kanisani kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, gari la Mwalimu Mwikali litaombewa, kisha yeye na mama yake wataliendesha hadi Zombe. Kwetu chombo kipya hakianzi safari bila maombi, na tangazo likishatoka madhabahuni, hakuna anayependa kulirudisha.

Alhamisi niliona tairi la mbele kulia limeinama ndani kidogo. Kosa lilikuwa langu. Kishikio, kile kipande cha chuma kinachoufunga mkono wa gurudumu kwenye chasisi, kilikuwa kimekaa upana wa kidole mbali na mahali pake. Ijumaa nilikikata, nikakichomelea upya.

Ijumaa ni siku ya soko. Vinu vyote vya posho vilikuwa vinasaga, na kila kimoja kilipowaka, stima ilipungua na moto wa rodi yangu ulififia. Nilijua. Mkono wa fundi husikia moto unapokosa nguvu. Lakini rangi ilihitaji siku nzima kukauka, mama yake Mwikali alikuwa tayari yuko njiani kutoka Zombe, mbuzi wamenunuliwa, na akina mama wamegawana sufuria. Nilitazama mshono, ukanipendeza. Nikasema moyoni kwamba Jumapili kutakuwa na maombi. Nikachukua brashi, nikaupaka rangi nyekundu bila kuupima. Nilitaka maombi yafanye kazi ya chaki, na kibaya zaidi ni kwamba sikuogopa hata kidogo.

Hofu ilirudi Jumapili, katikati ya wimbo wa pili. Sikusikia mahubiri. Niliona ile barabara inayoteremka kutoka Kikima, kona baada ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Kona ya kushoto hulalia gurudumu la kulia. Nilijaribu kujiambia mshono umeshika. Nikajiuliza, umejuaje?

Tulitoka nje. Gari lilikuwa limesimama uwanjani na maua kwenye boneti. Mama yake Mwikali, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, mkoba juu ya mapaja. Mwikali alishika ufunguo. Mchungaji akaweka mkono juu ya boneti na kusema, "Nani atatuombea kama si fundi mwenyewe? Mzee, karibu."

Nilifumba macho. Nilisema, "Baba yetu," na maneno yakaishia hapo. Watu walingoja, wakadhani nimeguswa. Mtu mmoja akasema, "Asante Yesu." Nikafumbua macho.

"Gari hili halitoki leo," nilisema.

"Ati nini?" Mwikali aliuliza.

"Kuna mshono sikuupima."

Mwenye bucha, ambaye si mtu wa kanisa letu lakini alikuja kwa ajili ya mbuzi, akapaza sauti: "Mzee ameona limependeza, sasa anataka kubaki nalo!" Kicheko kikapita uwanjani. Mwikali hakucheka. Alinijia karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mbele ya watu wote hawa? Ungeniambia jana."

"Ningekuambia juzi, mwalimu. Nisamehe. Naomba mafuta ya taa."

Yalitoka jikoni mwa kanisa, kwenye jiko la chai. Chaki ilitoka darasa la watoto. Nilivua koti, nikalala kando ya gurudumu, nikakwangua rangi yangu kwa kisu mpaka chuma kikatokea, nikapaka mafuta. Lazima uyape muda yapenye. Huo ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa kazini. Niliogopa ufa utaonekana, na niliogopa hautaonekana, nibaki mzee aliyevunja ibada kwa sababu ya wasiwasi. Juu yangu nilisikia mama akimwambia binti yake, "Mwache afanye. Mimi nimekaa, siumii."

Nilifuta. Nikapaka chaki. Nikagonga kishikio polepole kwa nyundo.

Mstari ulikuja wenyewe, mwembamba kama unywele, ukatembea pembeni mwa mshono karibu urefu wote.

Mwikali alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili, akachungulia. Alirudi upande wa mama yake, akamfungulia mlango, akamshika mkono akamtoa. Mama alinifuata nilipokuwa nanawa.

"Ungenyamaza, tungefika wapi?"

"Kona ya pili, mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. " Labda ya tatu."

Alitazama gari, akanitazama mimi. Sikuona hasira wala huruma. "Basi maliza ile sala," alisema, "maana uliiacha katikati." Nikaimaliza, nikiwa na mafuta ya taa mikononi, na sijui niliomba nini.

Kishikio kile nilikitupa, nikakata kipya cha chuma kinene, nikakichomelea asubuhi ya siku isiyo ya soko na kukipa mbavu mbili za kukishikilia. Nilikipima mara tatu. Nililiendesha mwenyewe kushuka mlima na kupanda, siku nne, nikiwa peke yangu, kabla sijampa Mwikali ufunguo. Mwezi huohuo niliuza mashine yangu ya kuchomelea. Watu walidhani ni aibu. Mikono yangu ilikuwa bado mizuri, lakini ile Ijumaa ilinionyesha kwamba naweza kutazama kitu cha hatari na kuona kinapendeza tu, na mtu wa namna hiyo afadhali apumzike.

Sasa nalima matunda kidogo, nafundisha darasa la Biblia, na namshukuru Mungu kwa kila siku aliyonipa. Mwikali huenda Zombe kila shule zinapofungwa. Huwa nalisikia gari likiteremka, injini ya baba yake ikibadilisha sauti kwenye kila kona, mpaka linapotea. Mke wangu huandaa chakula na hanikaribishi tena mezani, kwa sababu anajua sitagusa. Nakaa na simu mkononi, saa tatu, wakati mwingine nne. Kisha inalia, nami huipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mzee, tumefika," husema Mwikali. "Sasa kula."